Betri ya gari la rimoti imevimba, na kijana anaichajia kitandani

Fundi, assalam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Ngamiani, Tanga. Naomba msaada wako kuhusu mwanangu mkubwa, ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Mjomba wake anafanya kazi Muscat, na akija likizo hamsahau: humletea gari la rimoti. La kwanza lilikuwa dogo na betri yake iliandikwa NiMH. Safari hii kamletea kubwa, lile la magurudumu ya kupanda mchanga, pamoja na betri mbili zilizoandikwa LiPo 2S 7.4V 5000mAh 50C. Chaja ameendelea na ileile ya zamani, yenye kioo kidogo na vitufe, maana mjomba alisema inachaji betri za kila aina.

Siku za shule hana nafasi ya kucheza, kwa hiyo huchaji Ijumaa usiku ili Jumamosi akimaliza kazi za nyumbani atoke na wenzake uwanjani. Anachomeka betri ya kwanza akienda kulala, akiamka kuswali alfajiri anaweka ya pili. Anachajia kitandani kwake, ndani ya chandarua, karibu na mto ili asikie mlio wa chaja ikimaliza. Kitanda chenyewe ni deka, na mdogo wake wa miaka 8 analala chini. Umeme nao hukatika usiku na kurudi, wakati mwingine zaidi ya mara moja.

Juzi natandika nikaona betri moja imevimba kama kitumbua. Nilipomuuliza akasema, "Mama, hiyo bado nzima, ila siku hizi inaisha haraka." Kumbe alishaipeleka kwa fundi simu wa mtaani, naye kamwambia airudishe aitoboe kwa sindano itoe hewa, kisha aizibe kwa selotepu. Nimemkataza mpaka nisikie kutoka kwako. Nikachungulia na kile kioo wakati anachaji ya pili: kimeandika NiMH, na pembeni 3.0A. Tena kwenye betri kuna waya mwembamba wa nyuzi tatu wenye kichwa cheupe. Anauacha unaning'inia, anasema hauna kazi, gari linaenda bila huo. Gari lenyewe huliendesha mpaka linaanza kutambaa, ndipo analibeba kurudi nyumbani.

Mume wangu amekasirika, anataka gari na betri zote zitupwe kwenye shimo la taka zichomwe. Kaka yangu aliye hapa Tanga anasema nakuza mambo, mbona simu zetu zote zinalala kwenye chaja na hakuna lililotokea. Mtoto amenuna, hasemi na baba yake. Na mimi kwa kweli sipendi kumnyang'anya: hilo gari amelifungua lote akalifunga, gia ikivunjika anabadilisha mwenyewe, na mwalimu wake wa fizikia anamsifu. Lakini usiku sipati usingizi. Hiyo betri niifanyeje? Na hiyo nyingine ni salama? Je, kuna namna ya kuchaji vitu hivi kwenye nyumba yenye watoto?

Mama wa kijana, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Kabla hujafika mwisho wa jibu hili, nenda kaitoe nje hiyo betri iliyovimba. Iguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Kama ni ya baridi, ibebe taratibu bila kuibana, uiweke juu ya mchanga mkavu ndani ya karai au ndoo ya bati, mbali na mlango, dirisha na chochote kinachoshika moto, mahali penye kivuli pasiponyeshewa. Ncha zake mbili, ya waya mwekundu na ya waya mweusi, ziba kila moja peke yake kwa tepu ya umeme zisije zikagusana. Ukiikuta ina joto, inatoa sauti ya kufoka, au inanuka utamu mkali wa kemikali, usiibebe: toa watu wote nyumbani na upige zimamoto, 114.

Betri hiyo haichajiwi tena, hairudi kwenye gari, haitobolewi wala haichomwi. Na ya pili msiichaji usiku wa leo.

Umefanya jambo kubwa sana kukichungulia kile kioo, kwa sababu chanzo cha uvimbe umeniandikia mwenyewe. Ni lile neno NiMH, yaani betri ya nikeli, ilhali hizi mpya ni LiPo, za lithiamu.

Chaja ya namna hii haijui imeunganishwa na betri gani. Inajua tu ilichoambiwa kwa vitufe, na ikizimwa hukumbuka mpangilio wa mara ya mwisho. Chaja ya mwanao bado inaamini inachaji betri ya gari lile la kwanza. Sasa, betri ya NiMH ikijaa, volti zake hupanda hadi kileleni kisha hushuka kidogo, na chaja hungoja mshuko huo ndipo ikate. LiPo haina mshuko. Ndani ya pakiti ya LiPo mna betri ndogondogo ziitwazo seli, na seli moja ikifika volti 4.2 imejaa. Chaja iliyowekwa kwenye LiPo hufika hapo ikazishikilia volti zilezile huku ikipunguza mkondo polepole mpaka ubaki kidogo sana, kisha inakata. Chaja iliyowekwa kwenye NiMH haifanyi hivyo. Inaendelea kusukuma ampea 3 ikingoja dalili isiyokuja, na seli inavuka 4.2, inavuka 4.3, inazidi kupanda. Ndani ya ile pakiti laini kuna kimiminika cha viyeyusho vinavyoshika moto kwa urahisi. Seli ikijazwa kupita kiasi, kimiminika hicho huvunjika na kuwa gesi, na pakiti haina pa kuitolea. Ndiyo uvimbe ulioukuta kitandani. Chaja nyingi zina kikomo cha dakika au cha chaji inayoingia, na huenda kikomo hicho ndicho kilichokata kabla mambo hayajafika mbali. Msikitegemee usiku mwingine hata mmoja.

Halafu kuna ule waya wa kichwa cheupe. Kijana amesema kweli kwamba gari halihitaji waya huo. Anayeuhitaji ni chaja. 2S maana yake ni seli mbili zilizofuatana, kila moja ya volti 3.7 za kawaida, ndiyo ikaandikwa 7.4V, na zikijaa zote mbili zinakuwa 8.4. Nyuzi ni tatu kwa sababu moja inatoka mwanzo, moja katikati ya seli mbili, moja mwisho, ili chaja ione kila seli peke yake na kuzisawazisha. Bila huo chaja inaona jumla tu, na jumla ya 8.4 inaweza kuwa 4.2 na 4.2, au ikawa 4.4 na 4.0. Ya kwanza ni betri iliyojaa vizuri. Ya pili ina seli moja inayoelekea kuungua, na huwezi kuzitofautisha kwa kutazama kioo.

La tatu ni hilo la kuliendesha gari mpaka litambae. Seli ya LiPo haitakiwi kushuka chini ya volti 3.0. Ikishuka sana, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukija kuichaji shaba hiyo huganda mahali pasipo pake na inaweza kuziunganisha pande mbili zisizotakiwa kukutana. Magari haya yana kidhibiti mwendo, kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye mota, na vingi vina mpangilio wa kuchagua LiPo au NiMH. Kikiwa kwenye LiPo, hupunguza nguvu au hukata kabla seli hazijashuka mno. Kikiwa kwenye NiMH hakijali, kitanyonya hadi mwisho. Kijana akitafute kijitabu cha gari lake, atazame namna ya kuukagua mpangilio huo. Na mazoea yabadilike: gari likianza tu kupoteza nguvu, limerudi nyumbani.

Kuhusu sindano. Naelewa fundi simu anachofikiria: hewa imeingia, itolewe. Lakini ndani ya hiyo pakiti kuna karatasi nyembamba za chanya na hasi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na kinachozitenga ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Sindano ikipita inaunganisha tabaka kadhaa kwa mara moja, tena kwenye seli iliyojaa umeme na gesi inayowaka, mkononi mwa mtu, kwenye kibanda chenye simu za watu. Hata kama haikuwaka hapohapo, unyevu wa hewa unaingia na kuiharibu zaidi, na selotepu haizuii kitu. Mwambie kijana ampelekee ujumbe huyo fundi kwa heshima, kwa ajili ya mikono na macho yake na kwa ajili ya wateja wengine watakaomletea betri kama hizo.

Kaka yako naye ajibiwe, maana hoja yake ndiyo inayowafanya watu wengi walale na betri hizi. Betri ya simu ina kibao kidogo cha kielektroniki cha ulinzi ndani yake: volti zikizidi kinakata, zikipungua kinakata, waya zikigusana kinakata. Simu yenyewe nayo inasimamia chaji yake. Betri ya gari la rimoti kwa kawaida haina kibao hicho, kwa sababu mota inataka mkondo mkubwa ambao kibao kingeuzuia. Ni seli tupu na waya. Akili yote ya usalama iko kwenye chaja, na chaja yenu imeambiwa vibaya. Tena umeme uliomo ni mwingi. Zidisha volti 7.4 kwa ampea-saa 5 unapata wati-saa 37, karibu mara mbili ya betri ya simu iliyoandikwa mAh hizohizo, kwa kuwa simu ina seli moja. Weka hiyo ndani ya chandarua, juu ya godoro la sponji, juu ya mtoto wa miaka 8. Moto wa LiPo haukui taratibu ukakupa nafasi ya kuamka. Hufoka ghafla, unatoa moshi mzito wenye sumu, na seli moja ikiwaka huwasha jirani yake. Nasema hivi bila kupunguza, dada, kwa sababu kati ya yote uliyoyaandika, la kitandani na la usingizini ndiyo yaliyonitisha kuliko hata uvimbe wenyewe.

Kwa hiyo shemeji hajakosea kuogopa. Alipokosea ni kwenye shimo la taka. Betri ikitiwa motoni inalipuka vipande na kutoa gesi zinazochoma mapafu, na ikifukiwa tu na taka ikiwa na chaji, siku mtu atakapochoma majani itakuwa palepale. Iliyovimba inatakiwa imalizwe umeme kwanza, nje, kwa utulivu. Mtafute fundi umeme wa magari aliye makini, akuungie balbu ya breki ya volti 12, wati 21, kwenye waya mwekundu na mweusi wa betri, akiunga waya mmoja kwanza kisha wa pili, asikate zote mbili kwa koleo kwa pamoja. Ibaki juu ya mchanga ikiwaka hadi izime yenyewe, itachukua saa kadhaa, kisha iachwe imeungwa hadi kesho yake. Asiwepo mtoto karibu, na mtu mzima awe anatupia jicho kwa mbali. Mita ya volti ikisoma karibu na sifuri, ziba ncha kwa tepu uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, usiitupe na maganda ya ndizi. Utasikia watu wakishauri kuitumbukiza kwenye maji ya chumvi. Mimi siipendi njia hiyo: chumvi hula ncha za waya kabla betri haijaisha, ukaitoa ukidhani imekufa kumbe chaji ingali ndani.

Sasa betri ya pili, ambayo haijavimba. Umeniuliza kama ni salama, na jibu langu halitamfurahisha kijana. Imechajiwa kwa chaja ileile, mpangilio uleule, usiku uleule. Seli iliyojazwa kupita kiasi huacha chembe za lithiamu zimegandamana ndani ambazo huzioni kwa macho wala kwa mita, na huweza kuleta kasoro baadaye, chaji ikiwa sahihi kabisa. Ingekuwa ya mtu mzima anayeishi peke yake na mwenye banda la matofali nje, ningemwambia apime kila seli na aichunguze kwa makini kabla ya kuamua. Kwenye nyumba yenu, imalizeni umeme kama hiyo ya kwanza na iondoke. Ni hasara, najua, betri hizi si rahisi. Lakini gari ni zima na chaja ni nzima.

Wakati mnangoja nyingine, muulize mjomba au duka lililo karibu kama inapatikana pakiti ya NiMH ya volti 7.2, seli sita, yenye plagi inayolingana na gari hilo. Itakwenda taratibu zaidi, lakini ni betri inayosamehe makosa mengi, na chaja mliyo nayo tayari imewekwa kwa ajili yake. Kidhibiti mwendo nacho kiwekwe NiMH kwa muda huo. Kijana atacheza, na wewe utalala.

LiPo mpya ikifika, hivi ndivyo inavyochajiwa.

Ijumaa usiku hapana. Jumamosi asubuhi, mkiwa macho, wewe ukifua uani na yeye akifanya kazi zake karibu. Betri ya 5000mAh ikichajiwa kwa ampea 5 huchukua saa moja na zaidi kidogo, kwa ampea 3 karibu saa mbili, basi hakuna sababu yoyote ya kuipa usiku mzima. Kuna faida nyingine kubwa ambayo wengi hawaijui: LiPo huzeeka haraka ikikaa imejaa, hasa kwenye joto kama la kwetu pwani. Ikichajiwa Ijumaa na mvua ikanyesha Jumamosi, inakaa imejaa mpaka wiki ijayo na inaweza kuanza kuvimba hata bila kosa la chaja. Chaji asubuhi ya kucheza, na jioni irudishwe kwenye kiwango cha kuhifadhi, volti 3.8 hivi kwa kila seli. Chaja yenye kioo kawaida ina mpangilio huo umeandikwa "Storage", nayo yenyewe itaongeza au kupunguza mpaka ifike hapo.

Mahali: sakafu ya saruji barazani au uani, kivulini, mbali na mkeka, mapazia, mafuta ya taa na mtungi wa gesi. Chukua tofali la saruji lenye matundu, lilaze kwenye kipande cha kigae, betri ikae ndani ya tundu na chaja ikae nje, mbali kidogo kadiri waya unavyofika. Ndoo ya mchanga mkavu iwe pembeni. Chungu kikubwa cha udongo kinafaa pia, mradi kisifunikwe kikakaza, gesi ipate njia. Watu wengine hutumia tranka la zamani la bweni. Bati ni imara, ila ncha ya waya ikiligusa ni shoti, na likifungwa kwa komeo gesi italifumua, kwa hiyo mimi nachagua tofali. Ile mifuko ya kuzuia moto inayouzwa kwa ajili ya betri hizi husaidia kupunguza cheche. Moshi haiuzuii, na isimpe mtu ruhusa ya kwenda dukani.

Kwa mpangilio wenyewe, kijana achague LiPo, seli 2S, na uchaji wa "Balance", yaani wa kusawazisha seli, si wa haraka. Mkondo ni rahisi kukokotoa: mAh zigawe kwa 1000, 5000 inakupa ampea 5.0, asivuke hapo. Hiyo 50C iliyoandikwa kwa herufi kubwa isimdanganye, ni sifa ya betri inapotoa umeme kwenye mota, haihusu kuchaji. Waya za chaja zichomekwe kwenye chaja kwanza, kisha ndipo betri iungwe, maana ncha zile za shaba zikiwa wazi na betri tayari imeungwa zinaweza kugusana. Halafu kichwa cheupe kwenye tundu lake la 2S. Chaja ikishahesabu seli itaonyesha ilichokiona na ulichoiambia. Vikitofautiana, asibonyeze kitu, achomoe. Akiweka 3S kwa betri ya 2S, chaja itataka kufika volti 12.6 mahali panapostahili 8.4, na hilo ni baya kuliko hata NiMH.

Kabla ya kuanza atazame volti za kila seli. Iliyo chini ya 3.0 haichajiwi. Zikipishana kwa zaidi ya 0.1 kuna seli inayoumwa, haichajiwi. Betri iliyotoka kwenye gari ikiwa ya moto ingoje ipoe, hata kama wenzake wanamngoja uwanjani. Iliyoanguka vibaya, iliyobonyea kona au iliyolowa ikae nje kwanza na isichajiwe mpaka itazamwe vizuri. Umeme ukikatika katikati, achomoe betri palepale, na ukirudi aanze upya kwa kukagua mpangilio wote, kwa sababu hatujui chaja imeamka na kumbukumbu gani.

Na likitokea? Ikianza kuvimba au kupata joto wakati wa kuchaji huku hakuna moshi, zima swichi ya ukutani, usiishike betri, ondokeni na mkae mkiiangalia kwa mbali kwa muda mrefu, si chini ya saa nzima, kwani huweza kutulia kisha ikawaka. Ikifoka, watu kwanza, watoto mbele, msivute ule moshi. Mchanga unaweza kuzuia moto usisambae, na maji mengi yanapoza, lakini maji baada ya umeme wa ukutani kuzimwa tu. Kama iko ndani ya nyumba, usirudi kuokoa kitu. 114.

Ya mwisho ni shemeji na mwanawe. Nawaombea wapatane kwa jambo la maana: kijana asinyang'anywe gari, lakini chaja ihamie kabatini kwenu na itoke Jumamosi asubuhi mkononi mwa baba yake. Sisemi hivi kama adhabu. Mtoto anayefungua gia na kuzifunga ana uwezo wa kuelewa seli mbili na nyuzi tatu vizuri kuliko sisi, hajapata tu mtu wa kumweleza, na mjomba naye alisema "inachaji kila aina" kwa nia njema bila kusema kwamba lazima iambiwe. Apewe daftari. Kila anapochaji aandike tarehe, volti za seli ya kwanza na ya pili kabla na baada, na mAh zilizoingia. Baada ya muda ataona mwenyewe betri ipi inachoka, na hiyo ndiyo fizikia ambayo mwalimu wake angependa kuiona. Baba akae naye asubuhi hizo mbili tatu za mwanzo amwambie amweleze kila namba. Kununa kutaisha hapo.

Kwa mjomba, mpelekeeni ujumbe mapema kabla hajafunga mizigo. Anunue LiPo ya 2S yenye ganda gumu, haijeruhiwi haraka na mawe na kuanguka, ingawa mkague maungio ya ganda yasianze kuachana, kwa maana uvimbe hujificha humo. Plagi yake ilingane na ya gari, kijana ampigie picha. Kwenye ndege, betri za akiba hazitiwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Anazibeba mkononi, kila moja kwenye mfuko wake, ncha zimezibwa. Ya wati-saa 37 iko chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege huruhusu abiria abebe bila kibali, ila aulize shirika lake idadi. Na asizijaze kabla ya safari, azilete zikiwa kwenye kiwango cha kuhifadhi, jinsi zinavyotoka dukani.